Gereza, Jela, Lupango: Majina Waliyotuachia Watawala na Yaliyobuniwa na Wafungwa

Ukivuka kwa boti kutoka Kilwa Masoko kwenda Kilwa Kisiwani, jengo la kwanza linalokupokea ufukweni ni ngome ya mawe ya matumbawe, yenye kuta nene na lango la mbao, upande wake mmoja umemong'onyolewa na bahari. Wenyeji wanaiita Gereza. Mgeni aliyetoka Dar es Salaam hushtuka kidogo kusikia jina hilo, akadhani ataonyeshwa seli na pingu. Lakini ngome ile haikujengwa kwa ajili ya wafungwa. Wareno walijenga ngome yao hapo mwaka 1505, mwaka ule ule walioushambulia mji, na sehemu kubwa inayoonekana leo ni kazi ya Waarabu wa Oman waliokuja kuijenga upya karne tatu baadaye. Ilikuwa nyumba ya askari na mizinga. Jina lake limehifadhi maana ya zamani ambayo sisi wengine tumeisahau: gereza lilikuwa ngome kabla ya kuwa mahali pa kufungia watu.

Na kabla ya kuwa ngome, lilikuwa kanisa. Wataalamu wengi wa lugha wanakubaliana kwamba neno hili limetoka kwa Kireno, *igreja*, yaani kanisa. Mreno alipojenga ngome pwani hakukosa kuweka kanisa ndani yake. Mswahili aliyekuwa nje ya kuta aliwasikia wageni wale wakilitaja jengo lao la ibada, akalichukua jina akalipa jengo zima, kuta na mizinga na vyote vilivyomo. Sir Richard Burton, msafiri wa Kiingereza aliyefika Unguja mwishoni mwa mwaka 1856, alilisikia neno hili likitumika kwa ngome za pwani, akaliandika kwa tahajia yake mwenyewe na kulihusisha na hilo kanisa la Wareno. Wala halikubaki kwetu peke yetu. Muscat kuna nyumba ya zamani iitwayo Bait Graiza. Mogadishu kuna jengo la Garesa, lililokuwa makao ya liwali wa Sultani wa Zanzibar na baadaye likafanywa makumbusho. Ukifuata jina hilo bandari kwa bandari unakuwa unazifuata merikebu za Wareno, na nyuma yao majahazi ya Waomani waliowafukuza.

Isidhaniwe kwamba kabla ya Mreno watu wa pwani hawakujua kufunga mtu. Walijua sana. Ndiyo maana lugha ina maneno yake ya asili, kifungo na mfungwa, kutokana na kitendo chenyewe cha kufunga kwa kamba au kwa chuma. Palikuwa na mkatale, gogo lenye matundu ya kubania miguu. Palikuwa na pingu na silisili. Kisa kikubwa kuliko vyote vya kifungo katika Kiswahili ni cha Fumo Liyongo wa Pate, shujaa aliyeogopwa na mfalme hata akatiwa chumbani na kuwekewa walinzi. Mama yake alikuwa akimpelekea chakula kwa mkono wa kijakazi Saada, na walinzi walikuwa wakikila kile kizuri na kumwachia Liyongo makombo. Liyongo akatuma ujumbe kwa mafumbo. Mama akaoka mkate wa wishwa, akaficha tupa ndani yake. Walinzi wakaudharau ule mkate wa wishwa, wakamwachia mwenyewe, naye akakata minyororo huku nje ngoma ya gungu ikirindima kiasi cha kuuficha mlio wa chuma. Muhammad Kijumwa wa Lamu aliuandika utenzi wa kisa hiki mwaka 1913, lakini hadithi yenyewe ina umri mkubwa kuliko karatasi. Naitaja kwa sababu moja: humo ndani tayari tunawakuta watu wa gerezani wote tunaowajua hata leo, yaani mlinzi mla chakula cha mfungwa, mama asiyechoka kupeleka sahani, na mfungwa anayesema kwa lugha ambayo mlinzi haielewi.

Palipokuwa na ngome kuu kuliko zote pwani nzima ni Mombasa. Fort Jesus ilianza kujengwa mwaka 1593 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, mhandisi kutoka Italia aliyekuwa akimtumikia mfalme wa Uhispania na Ureno, na ndani yake likawekwa kanisa la askari. Ni ngome iliyopigana vita vingi kuliko umri wake unavyoweza kubeba. Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hassan, aliyelelewa na Wareno huko Goa na kubatizwa kwa jina la Dom Jerónimo, aliingia ngomeni na watu wake, akamwua kamanda wa Kireno na kuuchukua mji. Mwaka 1696 Waomani waliizingira, na kuzingirwa huko kukaendelea hadi Desemba 1698, wakati ndani ya kuta maradhi na njaa vilipokuwa vimekwisha kuwamaliza walinzi. Baadaye wakaja watu wa ukoo wa Mazrui kuitawala Mombasa, kisha mwaka 1837 Sayyid Said, Sultani wa Oman, akawashinda. Wakubwa wa Kimazrui walikamatwa, wakatiwa merikebuni na kupelekwa kufungwa Bandar Abbas, ng'ambo kabisa ya bahari, na wengi hawakurudi. Hata ngome kubwa kama ile haikuonekana salama kumfungia mtu mwenye ndugu mjini. Mfungwa wa siasa wa zamani aliadhibiwa kwa umbali, na umbali haukuwa na jina lingine ila jina la bandari aliyopelekwa.

Unguja nako mambo yalikwenda kwa namna hiyo hiyo. Ngome Kongwe ya Forodhani ilijengwa na Waomani baada ya kuwashinda Wareno, juu ya magofu ya kanisa. Katika karne ya 19 ilikuwa na askari wa Sultani na wafungwa wa Sultani humo humo. Lamu ilipata ngome yake kati ya 1813 na 1821. Nadhani hapa ndipo maana ilipogeuka, polepole, bila mtu kuamua. Maadui wa baharini walipopungua, mizinga ikaanza kushika kutu, na zile kuta zilizojengwa kuzuia mtu asiingie zikaonekana zinafaa kabisa kumzuia mtu asitoke. Neno lilikuwepo tayari. Halikuhitaji kubadilishwa.

Waingereza ndio waliokata shauri rasmi. Mwaka 1895, walipotangaza himaya yao ya Afrika Mashariki, Fort Jesus ikafanywa jela ya serikali, na ikabaki hivyo hadi 1958. Ni zaidi ya miaka 60. Uwanja wa ndani ukajazwa vyumba vya wafungwa mahali palipokuwa pa askari. Kuna jambo moja ndani ya ngome ile ambalo kila anayeizuru ningependa asimame alitazame: michoro ya merikebu, samaki na watu iliyochorwa ukutani na askari wa Kireno waliochoka kungoja meli kutoka Goa. Ilifichika kwa karne nyingi, ikaja kufunuliwa wakati wa kazi za ukarabati baada ya wafungwa kuhamishwa. Watu waliofungwa na bahari walichora, na juu yao wakaja watu waliofungwa na sheria, wote katika mawe yale yale. Makumbusho ilifunguliwa mwaka 1960, na tangu 2011 ngome imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Ya Lamu ilichelewa zaidi: iliendelea kufungia watu hadi 1984, Kenya ikiwa imeshajitawala kwa zaidi ya miaka 20.

Kwa hiyo mtu wa Mji wa Kale wa Mombasa aliposema "amepelekwa gerezani", hakuwa akisema kwa mafumbo. Alikuwa akinyoosha kidole.

Bara neno lilichukua njia nyingine, kwa sababu bara hakukuwa na ngome ya Mreno. Wajerumani walipojitwalia Tanganyika walijenga maboma, na boma likawa kila kitu: ofisi ya kodi, mahakama, kambi ya askari na chumba cha kufungia watu. Lakini adhabu iliyokaa vinywani mwa wazee haikuwa chumba. Ilikuwa mnyororo. Wafungwa walifungwa shingo kwa shingo, wakatembezwa barabarani kubeba maji, kuchimba mitaro na kufyeka majani mchana kweupe mbele ya wake zao na watoto wao. Kutiwa mnyororo ndiko kulikokuwa kufungwa. Na kabla ya mnyororo kulikuwa na hamsa ishirini, viboko 25, vilivyohesabiwa kwa sauti. Hesabu hiyo ya Kiarabu iliyotumiwa na askari wa Kijerumani imebaki kuwa jina la utawala mzima kwa watu waliouishi.

Katika misafara ya minyororo hiyo ndimo alimojitokeza tena mtu mmoja mwenye historia ndefu, nyapara. Katika karne ya 19 mnyapara, au mnyampara kama walivyosema Wanyamwezi, alikuwa kiongozi wa wapagazi katika safari za kwenda pwani, mtu wa heshima aliyejua njia, maji na hongo za kila mtemi. Misafara ilipokufa, jina likahamia kwenye mashamba ya mkonge kwa msimamizi wa vibarua. Kutoka hapo likaingia gerezani, ambako hadi leo nyapara ni mfungwa aliyepewa mamlaka juu ya wafungwa wenzake, anayegawa mahali pa kulala na kuhesabu watu jioni. Sijui neno lingine la Kiswahili lililoshuka cheo namna hiyo kwa karne moja tu, na linanisikitisha, kwa sababu mnyampara wa kwanza alikuwa akiwafikisha watu waendako.

Mwingereza alileta jela, rumande na selo, yote kutoka kinywani mwake, yakapata irabu za kwetu na kutulia. Jela halikuliondoa gereza, yaligawana kazi. Gereza likabaki neno la ubao wa langoni na la sheria, jela likawa la hukumu na la mtaani. Gazeti litaandika "jela miaka mitano", lakini mkubwa wake atabaki kuwa Mkuu wa Gereza. Mahabusu, neno la Kiarabu, likapewa mtu ambaye kesi yake haijaisha, na likaja kumaanisha hata chumba chenyewe anachongojea. Kenya wakapendelea korokoroni kwa seli za polisi, na vyombo vya habari vya huko havijaliacha hadi leo.

Lakini Kenya ya wakoloni ilizaa jina jingine ambalo kamusi nyingi hazina. Watu waliita jela Hoteli ya Kingi Georgi. Ili kulielewa jina hilo ni lazima kujua nani aliyekuwa akifungwa. Wengi hawakuwa wezi wala wauaji. Walikuwa watu walioshindwa kulipa kodi ya kichwa au ya nyumba, vijana waliokutwa bila kipande shingoni, vibarua waliotoroka shamba la mzungu kabla ya mkataba kwisha. Walikuwa wengi kiasi kwamba mwaka 1925 serikali ilitunga sheria ya kambi maalumu za kuwaweka, wasichanganywe na wahalifu. Mtu aliyefungwa kwa kukosa shilingi chache hakurudi kijijini ameinamisha kichwa. Alirudi akisimulia kwamba alikuwa mgeni wa Mfalme, amelala kwa Mfalme na kula kwa Mfalme. Serikali ilikuwa imepoteza kitu ambacho ukuta hauwezi kukirudisha, yaani uwezo wa kumtia mtu aibu, na jina lile ndilo lililotangaza habari hiyo kila kilabu cha pombe na kila soko.

Halafu ikaja Oktoba 1952, hali ya hatari ikatangazwa, na utani ukakoma. Sasa neno lilikuwa kambi. Manyani, Mackinnon Road, Lang'ata, Mageta, Hola. Makumi ya maelfu ya watu walitiwa kambini bila mashtaka wala hukumu, na kupangwa kwa rangi, weupe, wa kijivu na weusi, kadiri walivyodhaniwa kuwa wameshika kiapo cha kupinga ukoloni. Katika msako wa Nairobi wa Aprili 1954 waliopita mbele ya mistari ya watu walikuwa wasaliti waliofunikwa kichwa hadi miguuni kwa magunia yenye matundu ya macho, na Wakikuyu wakawaita gakunia, kigunia. Mtu hakuweza kumtaja kwa jina mtu asiyemwona uso, kwa hiyo akataja gunia. Tarehe 3 Machi 1959, kambini Hola, wafungwa 11 waliokataa kufanya kazi walipigwa hadi kufa, na maelezo ya kwanza ya serikali yalisema kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Kwa watu wa umri fulani Hola si jina la mji tena. Ukilitamka mbele yao wananyamaza kwanza.

Uhuru haukubomoa majengo. Tanganyika ilitunga sheria ya kuweka watu kizuizini mwaka 1962, Kenya ikatunga yake mwaka 1966, na hapo Kiswahili kikapata kifungo kisicho na idadi. Aliyefungwa jela ana tarehe ya kutoka. Aliye kizuizini hana. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alikuwa kijana wa miaka 22 alipokamatwa mwaka 1968 kwa kijitabu chake "Kenya: Twendapi?" Yeye alishtakiwa na kuhukumiwa kifungo, akakitumikia Shimo la Tewa na Kamiti. Shimo la Tewa liko kando ya mkono wa bahari wa Mtwapa. Tewa ni samaki, na jina hilo lilikuwa la wavuvi kabla ya kuwa la askari jela. Katika jela hizo alitunga mashairi akiyaandika kwenye karatasi za chooni, yakatoka mwaka 1973 kama "Sauti ya Dhiki", na mwaka uliofuata yakapewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Ni diwani ninayoamini kila msomaji wa Kiswahili angepaswa kuwa nayo nyumbani.

Zanzibar ndiko majina yalikogawanyika vikali kuliko kote. Jela kuu ya Unguja, iliyojengwa na Waingereza, watu wameiita Kiinua Miguu tangu zamani. Baada ya Mapinduzi ya 1964 mahali palipotisha kuliko pote, walipoteswa watu waliotuhumiwa kwa siasa, palipewa jina Kwa Bamkwe. Tafakari ni nani aliyelibuni na kwa nini. Nyumbani kwa baba mkwe mtu hukaa kwa adabu, hajibu, hainui sauti, hali mpaka aambiwe ale. Jina hilo liliweza kutamkwa sokoni, barazani au mbele ya mtoto bila aliye karibu kujua nini kilichosemwa. "Fulani yuko kwa bamkwe" ilikuwa habari ya kifo au ya karibu na kifo, ikipita barabarani imevaa nguo za harusi. Serikali kwa upande wake ikaja kubadilisha jina la magereza yote ya visiwani kuwa Vyuo vya Mafunzo, na hivyo ndivyo yanavyoitwa hadi leo, na aliyemo huitwa mwanafunzi. Nia ya kumfunza mfungwa useremala au kilimo ni nzuri, na wapo waliotoka na kazi mikononi. Lakini Kwa Bamkwe na Chuo cha Mafunzo ni majina yaliyoishi katika mji mmoja, nami nawaamini zaidi waliosema la kwanza, kwa kuwa walikuwa hatarini waliposema.

Dar es Salaam nayo ina kamusi yake. Mtu hutiwa lupango. Asubuhi hupandishwa karandinga, lile gari lenye madirisha ya nondo linalotoka magereza ya Keko au Segerea kwenda mahakama ya Kisutu, na ndugu hukimbia kando yake kumpungia mkono. Hakimu akimpa miaka 30, ambayo ndiyo adhabu ya chini ya unyang'anyi wa kutumia silaha, mtaani watasema kapigwa mvua thelathini. Huo ni mtindo wa kale kabisa wa kuhesabu miaka, wa mkulima aliyejua umri wa mwanawe kwa masika yaliyopita, na umerudi mjini kupitia mdomo wa mfungwa.

Lakini neno lililo kweli kuliko yote ni kunyea debe. Vijana wanalitamka wakicheka, na wengi hawajaliona debe lenyewe. Ni bati la lita 20 lililokuja na mafuta ya taa, lile lile linalopimia mahindi sokoni. Chumba cha mahabusu kikifungwa jioni hakifunguliwi mpaka asubuhi, na chumba kisicho na choo huwekewa debe pembeni. Humo ndani watu wamelala ubavu kwa ubavu, wakigeuka kwa amri ya nyapara wote kwa pamoja kwa sababu mmoja hawezi kugeuka peke yake. Mgeni hupewa mahali pa kulala karibu na debe. Akitaka kujisaidia usiku itabidi awaruke wenzake gizani, kisha achuchumae juu ya bati mbele ya watu asiowajua, wakubwa kwa wadogo, pengine yumo wa umri wa baba yake. Kukipambazuka wawili hulibeba kulimwaga, na ni kawaida wageni kuwa wabebaji. Mtu aliyepitia hayo usiku mmoja tu, hata kama kesho yake aliachiwa kwa kukosekana ushahidi, atakuambia amenyea debe, hatakuambia aliwekwa mahabusu. Neno la sheria linaeleza hali ya kesi yake. La pili linaeleza alichofanyiwa.

Ningependa maneno haya yaandikwe, pamoja na mwaka, mahali na jina la aliyeyasikia kwanza. Kamusi zetu zina gereza, jela na rumande. Mara chache utakuta Hoteli ya Kingi Georgi, na Kwa Bamkwe hutaipata kabisa. Aliyekuwa kijana wa miaka 15 Mji wa Kale, Mombasa, mwaka 1958, akiwaona wafungwa wa mwisho wakitolewa ngomeni, sasa amepita miaka 80. Mzee wa Ng'ambo, Unguja, aliyekuwa na miaka 20 wakati wa Mapinduzi naye pia. Vyuo vikuu vyetu vina wanafunzi wa isimu wanaotafuta mada kila mwaka, na simu zao zina vinasa sauti.